"Sijafika": jibu kwa mwanafunzi wa uchoraji anayeogopa kumwonyesha mhariri kazi zake

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, nasomea uchoraji hapa Nairobi; kwetu ni Mombasa. Ndoto yangu ni kuchora vitabu vya watoto. Nikiwa peke yangu nachora vizuri, lakini mtu akisimama nyuma yangu mkono unaganda. Wenzangu kila mmoja ana mtindo wake, ukiona kazi unajua ni ya nani. Mimi leo nachora hivi, kesho vile. Nina picha moja ya nyanya yangu ambayo ilisifiwa sana darasani. Ilinichukua wiki tatu, na tangu hapo sijachora kitu kinachoifikia; naona narudi nyuma. Juzi kuna mtu anataka kuchapisha kitabu chake mwenyewe, amenipa kazi ya kurasa 24 kwa KSh 15,000. Tumeelewana kwa WhatsApp tu. Nafikiria nikatae kwa sababu sijafika. Lakini nikikataa, nyingine nitapata lini? Na kuna haja gani ya kuingia katika fani hii wakati kompyuta sasa inachora yenyewe?"*

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kisha nikajiuliza: hajafika wapi? Hukusema. Inaelekea umejijengea akilini chumba fulani chenye mhariri mwenye miwani, anaitazama picha yako kimya, halafu anaamua kama una kipaji au huna. Unaogopa kuingia katika chumba hicho. Mimi ni mchoraji, lakini pia nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka kumi na mmoja, nikichagua wachoraji wa vitabu vya shule na vya hadithi, na sikumbuki hata siku moja nimejiuliza kama mtu ana kipaji. Maswali yangu yalikuwa ya kawaida mno. Huyu mtoto wa ukurasa wa 3, nikimkuta ukurasa wa 19 nitamtambua? Huyu mchoraji, nikimwambia mguu wa punda urekebishwe, ataurekebisha au ataninunia? Kazi ataileta lini? Tarehe ya kupeleka vitabu KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, vikapimwe haimsubiri mchoraji mwenye mafua.

Hebu basi tuanze na picha ya nyanya yako (nyanya mzazi, si ya kachumbari). Wiki tatu ni muda mrefu kwa uso mmoja, kwa hiyo nitabahatisha: uliichora ukitazama picha ya simu. Mwanga mmoja, upande mmoja, na yeye ametulia. Naamini ni nzuri. Lakini nikuulize, unaweza kumchora nyanya huyo huyo kwa nyuma, ameinama anapuliza jiko? Akimfukuza mbuzi na ufagio? Akiwa mdogo kama kidole gumba, kule mwisho wa njia, na bado tujue ni yeye? Kama huwezi, ulichokijua ni ile picha ya simu, na nyanya mwenyewe bado. Ndiyo maana umeshindwa kuirudia: picha ya namna hiyo haikuachii njia ya kwenda kwenye picha inayofuata.

Vitabu vya watoto vinaishi kwa kurudia. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, mhusika wa katuni, katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na msomaji hakuhitaji kuambiwa huyu ni nani. Hilo ni zoezi, na wewe unaweza kulifanya kuanzia leo jioni. Mchore nyanya mara arobaini katika wiki mbili. Usianze na uso. Anza na umbo lake lote kama kivuli cheusi: urefu wake ni sawa na vichwa vyake vingapi? Nyanya wa vitabuni mara nyingi ni vitano, mtu mzima wa kawaida ni kama saba na nusu. Mgongo umepinda wapi? Leso ameifunga kifuani au kiunoni, fundo liko upande gani? Ukishaamua fundo liko kushoto, linabaki kushoto katika picha zote arobaini, labda hadithi yenyewe imlazimishe kulifungua. Picha kumi za kwanza zitakuudhi. Kufikia ya ishirini hivi utaona umeacha kufikiria pua, unafikiria anachokifanya. Hapo ndipo mhariri anapokutafuta.

Sasa hilo la kuona unarudi nyuma. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho huniambia hivyo hivyo, na wengi wao hawajarudi nyuma hata hatua moja. Jicho husoma haraka kuliko mkono. Jicho lako linapitia mamia ya picha kwa siku kwenye simu, za watu wenye uzoefu wa miaka thelathini, na kila moja linajifunza kitu. Mkono haujifunzi kwa kutazama, unajifunza kwa kile ulichokichora wenyewe. Kwa hiyo pengo linapanuka, na wewe unaliona kama udhaifu. Chukua daftari lako la mwaka wa kwanza. Likikutia aibu, jicho limesonga mbele. Lisipokutia aibu, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kuniandikia.

Na kuganda kwa mkono mtu akisimama nyuma yako? Umewahi kutembea katikati ya ukumbi wa arusi, watu wote wamekaa wanakutazama, ukasahau mikono yako huwa unaiweka wapi? Kutembea ni kazi ambayo mwili unaifanya bila kuulizwa. Ukianza kuisimamia hatua kwa hatua, inaharibika. Mstari ni hivyo hivyo. Mtu akikutazama, unaanza kukisimamia kila kidole. Dawa niijuayo ni kutazamwa mara nyingi, kidogo kidogo, na watu ambao picha yako haiwahusu. Wewe una bahati, kwenu kuna kivuko cha Likoni. Likizo ijayo kasimame pale na daftari dogo na kalamu ya wino, bila kifutio. Watu wamesimama wanasubiri feri, wana mizigo, wana watoto, wana kuku. Utapata sekunde ishirini kwa mtu mmoja, pengine dakika. Na usiwe na shaka, kuna mzee atakayechungulia begani kwako aseme, "Huyu hafanani." Mjibu kwamba ni kweli, hafanani, na uendelee na mwingine. Siku ya tano utakuwa humsikii. Hapa Nairobi, kituo chochote cha matatu kinafaa, ila shika simu yako vizuri.

Kuhusu mtindo nitasema machache, kwa sababu naona umepewa hofu isiyo yako. Mistari yangu minene, ile ambayo watu huniambia wanaitambua, ilitokana na umaskini. Nilipoanza sikuweza kununua nibu na wino wa chupa, nikawa natumia kalamu nene za rangi za dukani, River Road, zile za kuandikia maboksi. Haziwezi kuchora kope, kwa hiyo nikaacha kuchora kope. Miaka mitano baadaye mtu akaandika kwamba macho ya watu wangu yana "utulivu". Utulivu gani! Mtindo wako unaendelea kujengeka katika zile picha arobaini, katika mambo unayoyakwepa na yale unayoyarudia bila kujua. Mhariri hatakuuliza mtindo wako ni upi. Atakuuliza tu kwa nini picha ya tatu inaonekana ya mtu mwingine, na hilo lina tiba: kwa kila kazi chagua kalamu moja, rangi sita au saba, aina moja ya macho, usibadilishe hadi kazi iishe. Kazi nyingine, chagua upya ukitaka.

Liko jambo ambalo hukuniuliza na ambalo nadhani litakusaidia kujiamini kuliko maneno yangu yote: ujue picha inakuwaje ikitoka mitamboni. Kitabu changu cha kwanza cha rangi nilikichora usiku na mchana. Siku ya nakala kufika niliufungua mfuko kwa meno. Watoto wote walikuwa vivuli. Sare zao zilionekana, vitabu mikononi vilionekana, nyuso zilikuwa madoa meusi yenye meno. Mama yangu alikishika kitabu, akakigeuzageuza karibu na dirisha, akauliza, "Mbona hawana macho?" Mchapishaji hakuwa na kosa, wala mitambo. Kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa hivi. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga, mtambo wa chapa unatengeneza kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Rangi ya ngozi yetu ukiichanganya kwa kuongeza nyeusi, kwenye kioo inapendeza. Kwenye karatasi isiyong'aa, ambayo ndiyo ya vitabu vingi vya shule, wino unafyonzwa na kila nukta ya wino inatanuka, nukta zinakutana, uso unajifunga. Kwa hiyo kahawia yako ijenge kwa manjano na majenta, tia samawati kidogo kwenye vivuli, nyeusi iwekee mistari na nywele. Mwanga wa kwenye paji la uso na shavu uweke mkubwa kuliko jicho lako linavyokuambia. Nyuma ya uso mweusi usiweke ukuta wa kahawia wala usiku mtupu. Weka kitu cheupecheupe, mlango uliofunguka, anga, shuka. Kisha nenda saiba yoyote, toa nakala ya picha yako kwa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya bei rahisi kabisa. Uso na nywele vikiwa jivu moja, rudi ukarekebishe. Gharama yake ni shilingi chache, na ndiyo mtihani mkali kuliko wa mwalimu yeyote.

Mengine ya kiufundi ni mepesi: faili iwe nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi wa kitabu, picha ipite ukingo wa ukurasa kwa milimita 3 kila upande maana hapo ndipo kisu kinapokata, na usiweke kamwe uso wa mtu kwenye mshono wa katikati. Achia maneno nafasi. Wachoraji wageni wanasahau maneno, kisha mhariri anayapachika juu ya anga waliyoihangaikia siku mbili.

Haya, tuje kwenye kazi ya WhatsApp. Kabla ya kusema ukubali au ukatae, tupige hesabu, maana naona hukuipiga. Kurasa 24. Wa kwanza ni wa jina la kitabu, wa pili ni wa hakimiliki na anwani. Zimebaki 22. Ukurasa wa 3 unasimama peke yake kulia, wa 24 peke yake kushoto, na katikati yake kuna jozi kumi za kurasa mbili mbili. Hiyo ni michoro 12, na jalada ni wa 13. Mchoro mmoja uliokamilika kwa mwanafunzi ni siku mbili, nami hapo nakupendelea: siku 26. Rafu, yaani michoro ya awali ya penseli, za kitabu kizima, siku 4. Marekebisho, na yatakuwepo, siku 4. Jumla 34. Gawanya 15,000 kwa 34, unapata kama KSh 441 kwa siku, na hujanunua karatasi, wala bando, wala nauli. Kamuulize kibarua wa mjengo analipwa ngapi kwa siku, halafu urudi tuzungumze.

Kuna pia jambo la sheria ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Wengi hudhani kutoandikiana kunamlinda mchoraji. Ni kinyume chake. Ukikaa kimya, michoro ni yake: anaweza kuiweka kwenye fulana, kwenye katuni, kwenye toleo la pili na la kumi. Kinachobaki kwako ni haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeichora, na haki ya kupinga isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Ni haki nzuri, lakini hazilipi kodi ya nyumba.

Ukikataa kazi hii hutapoteza fani. Ukikubali ilivyo, utaichukia kufikia ukurasa wa 9, na kitabu ukichukiacho kinaonekana. Mimi ningemrudia huyo bwana, kwa heshima, nimweleze kwamba kwa KSh 15,000 ninaweza kumfanyia jalada na michoro midogo ya wino, mmoja kwa kila jozi ya kurasa, bila rangi. Theluthi ya pesa kabla ya kuanza, theluthi akikubali rafu, iliyobaki kabla ya kumkabidhi faili safi. Marekebisho mara mbili katika hatua ya rafu, baada ya hapo kila badiliko linalipiwa. Michoro itumike katika kitabu hiki tu, hakimiliki ibaki kwangu, jina langu liwe kwenye jalada au ukurasa wa jina. Yote hayo yanaenea ukurasa mmoja wa karatasi, mnatia sahihi wote wawili. Akisema mbona unaleta urasimu kwa kazi ndogo, umepata jibu lako mapema na bila gharama. Akikubali, umepata mteja, na ukimaliza utakuwa na kitabu chenye jina lako kabla ya mahafali.

Na asipokubali, usikae bure. Mradi wa African Storybook una hadithi nyingi za watoto, za Kiswahili zikiwemo, zilizotolewa kwa leseni huria, yaani inayoruhusu wengine kuzitumia. Soma leseni ya kila hadithi, chagua fupi inayokugusa, uichore upya yote mwanzo hadi mwisho kana kwamba mhariri anakusubiri Ijumaa. Hiyo ndiyo itakuwa moyo wa potifolio yako, yaani mkusanyiko wa kazi utakaomwonyesha mhariri. Picha 12 hadi 15 zinatosha, na angalau tano ziwe za hadithi moja zenye mhusika mmoja. Hata maonyesho ya wachoraji ya Bologna kule Italia, ambayo wachoraji wa dunia nzima huyapigania, huomba picha tano zinazokwenda pamoja. Weka mtoto anayelia, umati wa watu, mnyama, chumba chenye vitu, na tukio la usiku. Picha ya nyanya ya wiki tatu iache nje, au iweke mwisho kabisa. Iwe faili moja nyepesi ya PDF inayofunguka kwenye simu, na jina na nambari yako viwe kwenye kila ukurasa. Nimewahi kumkosa mchoraji niliyemtaka kwa sababu alikuwa na wafuasi maelfu na hakuandika barua pepe popote.

Mwezi wa Septemba huwa kuna Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi pale Sarit Centre. Nenda asubuhi siku ya katikati ya wiki, mapema. Mchana wachapishaji wanauzia walimu na wakutubi, hawana muda nawe, nao si wabaya. Asubuhi uliza mhariri wa vitabu vya watoto ni nani, mpe kadi yenye mchoro wako upande mmoja, sema jina lako, ondoka. Baada ya wiki mbili mtumie PDF. Akinyamaza, mtumie kazi mpya baada ya miezi mitatu. Kunyamaza kwa mhariri mara nyingi maana yake ni mezani pana miswada kumi.

Akili unde? Imeshachukua kazi fulani, na sitakudanganya: mabango ya haraka haraka na majalada ya bei ya chini yanapungua. Ila iambie ikuchoree mama wa Kipwani anakaanga mahamri, leso mbili, moja ya kichwa, na maandishi ya leso yasomeke. Nimejaribu. Maandishi yalikuwa ya lugha isiyokuwepo duniani, na mahamri yalifanana na keki za arusi. Itaboreka, bila shaka. Lakini mhariri bado atahitaji mtu wa kumpigia simu amwambie punda huyu si wa Lamu, wa Lamu ni mdogo zaidi.

Kuna mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kuyatibu. Vidole vikifa ganzi usiku, au kifundo cha mkono kikiuma zaidi ya wiki moja, nenda hospitali ukaonwe, usingoje kumaliza kazi. Nawajua wachoraji walioacha kalamu wakiwa na miaka 35. Hofu ikivuka kuchora, ukawa hulali, huli, unakwepa darasa, chuoni kwenu patakuwa na mshauri wa wanafunzi. Kamwone uso kwa uso. Mkataba ukiwa na neno "milele" au "haki zote", upeleke kwa wakili au uwaulize watu wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na potifolio ikiwa tayari, usiitume kwa mtu yeyote hadi mchoraji mmoja anayelipwa kwa kazi hii ameipitia mbele yako, ukurasa kwa ukurasa, wewe ukiwa umefunga mdomo.

Ukienda Mombasa, ukitoka kivukoni pitia kwa nyanya. Usimwombe akae vizuri. Mchore akichambua mchicha, mchore akikuamkia asubuhi, mchore mgongo. Atalichukua daftari, atasema pua hii si yake. Geuza ukurasa, mchore tena.